Mizabibu mikongwe ya Burgundy: kwa wanaoanza kuhudumia mvinyo

Wadogo zangu mnaoanza kazi katika hoteli zetu za pwani, nawaandikia kwa sababu nimemwona tena mhudumu mpya akimwomba mgeni radhi kwa ajili ya Pinot Noir, mvinyo mwekundu wa jimbo la Burgundy huko Ufaransa, eti ni nyepesi mno, ilhali lebo ilisema Vieilles Vignes, yaani mizabibu mikongwe.

1. Msiupime mvinyo huu kwa rangi. Kosa hili huniuma kuliko mengine yote, maana humnyima mgeni kile alicholipia. Kijana wetu aliinua glasi kwenye mwanga, akaviona vidole vyake upande wa pili, akaamua kwamba chupa ina kasoro. Akaleta badala yake mvinyo mzito wa nchi ya joto, mweusi, wenye kilevi kingi, na mgeni akaunywa kwa adabu tu. Laiti angeonja kwanza! Zabibu ya Pinot Noir ina ganda jembamba lenye rangi haba, na uzee wa shina hauigeuzi kuwa zabibu nyingine. Mzabibu mkongwe huzaa vichala vichache, mara nyingi vyenye punje ndogo, hivyo ganda huwa jingi likilinganishwa na maji yake. Na kwa kuwa Burgundy ni baridi, zabibu huiva polepole na kuvunwa mara moja kwa mwaka, si mara mbili kama Dodoma, nao uchachu wake haupotei. Ndiyo maana ladha ya cheri, uyoga na udongo mbichi hukaa mdomoni muda mrefu baada ya kumeza. Utafuteni ukongwe hapo.

2. Ulizeni mizabibu ilipandwa lini, kwa sababu sheria ya Ufaransa haijaweka umri wowote wa Vieilles Vignes. Wala msidhani kutunza mashina ya zamani ni jambo rahisi. Shamba la Romanée-Conti huko Burgundy, lenye hekta 1.8 hivi, lilishikilia mizabibu iliyosimama kwenye mizizi yake yenyewe, isiyopandikizwa juu ya mizizi ya aina nyingine, hadi mavuno ya 1945, yaliyotoa chupa 600 hivi tu, kwani filoksera, wadudu wanaoshambulia mizizi ya mizabibu, walikuwa wameidhoofisha; ikang'olewa, na mvinyo wa shamba hilo haukupatikana tena hadi ule wa 1952.

3. Uhudumieni ukiwa nyuzi 14 hadi 16, katika glasi pana. Joto la chumba linalotajwa vitabuni si la Mombasa wala Unguja, kwa hiyo tumieni ndoo ya barafu bila haya. Mgeni akiuona wa baridi kidogo, utapata joto mkononi mwake.