Maswali yenu: kidonda cha punda, nyama nyeusi na kuku wa kichwa chini

Punda wangu wa tela ana kidonda juu ya bega, pale nira inapokalia. Nikimpumzisha kinapona, nikimrudisha kazini kinafumuka. Nimpake dawa gani? (Mfugaji, Bahi)

Hakuna dawa ya nira, ndugu yangu. Nira ya mbao ilitengenezwa kwa ajili ya ng'ombe, ambaye ana nundu ya kuisukumia. Punda hana nundu, nguvu yake iko kifuani. Ukimvika nira, mbao inakalia ngozi nyembamba iliyo juu ya mfupa, na kila gurudumu linapoingia shimoni inamsaga. Hata ukimaliza duka zima la dawa, kidonda kitarudi.

Mshonee mkanda wa kifua. Uwe mpana kama kiganja, wa turubai au katani, na upande unaogusa ngozi uwekee blanketi kuukuu. Upite chini ya koo lakini juu ya viungo vya mabega, asikabwe wala asizuiwe kupiga hatua. Mkanda mwembamba wa pili upite mgongoni kuushikilia usiteremke. Kamba ya nailoni au kiroba kisiguse ngozi yake, maana havinyonyi jasho na vinakata. Kidonda chenyewe kioshe mara mbili kwa siku kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko cha chai cha chumvi kwa nusu lita, na asifanye kazi mpaka ngozi ijifunge kabisa.

Na tafadhali, acheni oili chafu ya gari. Nimewahi kuletewa punda aliyepakwa oili juu ya kidonda kwa wiki nzima. Nilipogusa pembeni kwa pamba, ngozi ilibanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Mnyama alikuwa amesimama tu, masikio yamelala, hata kuruka hakuruka. Watu wanadhani punda akinyamaza haumii. Punda huficha maumivu, ndivyo alivyoumbwa. Halafu tunasema shukrani ya punda ni mateke! Mimi nimeshika miguu ya mamia ya punda katika mkoa huu, na wengi waliorusha teke walikuwa na jeraha ambalo mwenye mali hakuwahi kuliangalia.

Kwa wale mnaochotea maji: punda asibebe mgongoni zaidi ya theluthi ya uzito wake, na wengi wa punda wetu hawafiki kilo 150. Madumu mawili ya lita 20 yanatosha. Manne ni kumvunja mgongo.

Kuna mtu anapita kijijini anataka kununua ngozi za punda kwa bei nzuri. Ni halali? (Mpwapwa)

Hapana. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji wa punda mwaka 2022, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kusitisha biashara ya ngozi zake barani kote. Ngozi hizo huchemshwa kupata ejiao, gundi inayotumika katika dawa za asili za China. Punda jike hubeba mimba mwaka mzima au zaidi na huzaa mtoto mmoja, kwa hiyo hakuna kijiji kinachoweza kuzalisha kwa kasi ya kuchinja. Mtoe taarifa huyo mtu. Na usiku fungieni punda wenu zizini, kwa sababu penye mnunuzi wa ngozi wizi haukawii.

Kubeba kuku kichwa chini miguu juu kuna ubaya gani, wakati anakwenda kuchinjwa? (Dodoma mjini)

Swali hili nimelijibu mara tatu mwaka huu. Kuku hana kiwambo kinachotenganisha mapafu na matumbo kama wewe. Ukimning'iniza, ini, matumbo na firigisi vyote vinagandamiza mapafu na mifuko yake ya hewa. Anakosa pumzi njia nzima kutoka mnadani mpaka kwako. Kwamba atakufa jioni si ruhusa ya kumtesa asubuhi. Mbebe kwapani, au mweke kwenye tenga lenye matundu, kivulini. Haikugharimu hata shilingi.

Mtoto wangu ameokota kobe njiani. Tumfuge? (Ihumwa)

Mrudisheni leo hii palepale alipookotwa. Kobe ni mnyamapori, na kumweka nyumbani bila kibali ni kosa.

Nilinunua nyama ya ng'ombe nyeusi, inanata, ikaharibika siku ya pili ingawa ilikuwa kwenye friji. Mwenye bucha anasema ni ng'ombe mzee. (Kizota)

Anaweza kuwa mzee, lakini ninavyosikia maelezo yako, huyo ng'ombe alichinjwa amechoka. Misuli ya mnyama ina akiba ya sukari. Akichinjwa ametulia, sukari hiyo hugeuka asidi, nayo ndiyo inayoipa nyama wekundu mzuri na kuizuia isioze haraka. Akitembezwa siku mbili bila maji, akapigwa, akasimama kwenye lori usiku kucha, akiba inaisha kabla kisu hakijamfikia. Nyama hubaki nyeusi na bakteria hustawi.

Nendeni mnadani mkaangalie wakati wa kupakia. Katika mnada mmoja nilihesabu vijana wanne juu ya fahali mmoja. Wawili walikuwa na fimbo, mmoja anampigia kelele usoni, wa nne anaupinda mkia mpaka ukalia. Fahali hakuwa mkaidi. Lori liliegeshwa bila ngazi, na mbele yake kulikuwa na giza. Ng'ombe huogopa giza na kivuli. Nilipoomba waweke udongo na mbao, wote wakae nyuma ya bega lake badala ya usoni, alipanda mwenyewe. Simama nyuma ya bega, ataenda mbele. Simama mbele ya bega, atarudi nyuma. Wachungaji wetu Wagogo wanalijua hili tangu utotoni. Madalali ndio hawataki kusubiri.

Wenye bucha, nyinyi mna nguvu kuliko sheria. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, na bado mikia inavunjwa mchana kweupe. Siku mtakapokataa mzoga wenye michubuko, dalali atajifunza kwa wiki moja. Nasi wanunuzi tuulize nyama imetoka wapi, tusiishie kuuliza bei.

Mbwa wa mtaani wamezidi. Sumu gani inawaua haraka? (Nkuhungu)

Sitakutajia. Na wengine watano mlioniandikia hivyo, jibu ni hilohilo. Kichaa cha mbwa hakikomi kwa sumu. Ukiua mbwa waliochanjwa, nafasi yao inachukuliwa na wageni wasiochanjwa, na mizoga yenye sumu inaua tai na paka wa jirani. Kinachozuia ugonjwa ni kuchanja mbwa 7 katika kila 10. Mwoneni ofisa mifugo wa kata mpange siku, mje na mbwa wenu wamefungwa kamba. Mtu aking'atwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, maana dalili zikishaanza hakuna tiba.