Bosi Tajiri na Probox Iliyopauka

Mwezi uliopita niliandika hapa kwamba katika miaka niliyotunza vitabu vya wafanyabiashara wa Kariakoo, mteja wangu mwenye fedha kuliko wote alikuwa akija ofisini na Toyota Probox, gari la kawaida la kazi. Sentensi hiyo moja imeniletea maswali mengi kuliko makala yenyewe. Nimechukua saba.

Shangazi shikamoo. Bosi wangu ana fremu tatu Kariakoo na nyumba za kupangisha Tabata, lakini anaendesha Probox iliyopauka rangi. Sisi vijana wake tunaona ni ubahili. Tunakosea? (Kijana, Sinza)

Marahaba mwanangu. Mnakosea, na nitakujibu kwa kirefu kwa sababu unafanya kazi mahali ambapo jibu linapita mbele yako kila siku.

Tafuta fedha ya bosi wako ilipo. Fremu inalipiwa kodi ya miezi mingi kwa mkupuo, na kabla ya kodi alishatoa kilemba ili aliyekuwemo ampishe. Mzigo mmoja uko dukani, wa pili uko bandarini, wa tatu ameulipia nusu huko Guangzhou. Wapo wateja wa Mbeya, Songea na Lubumbashi waliochukua kwa mali kauli, watalipa wakirudi. Nimeona watu wenye mali ya mamia ya milioni wakihangaika kutafuta milioni tano ya mkononi, kwa sababu tu kontena limechelewa wiki mbili. Mtu wa namna hiyo akichomoa milioni 60 kununua gari la kifahari, amechomoa mzigo mzima. Idi itafika, shule zitafunguliwa, na jirani yake ndiye atakayekuwa na bidhaa.

Tena Probox ukilaza viti vya nyuma inabeba marobota. Kwake ni kitendea kazi, kama mkokoteni ulio mlangoni.

Lipo jambo jingine ambalo ninyi vijana hamkulikuta. Mwaka 1971 ilipitishwa sheria iliyotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Mwaka 1983 ikaja kampeni ya kuwasaka wahujumu uchumi, na wapo waliotupa bidhaa usiku kwa kuogopa kukutwa nazo. Mzee aliyenifundisha kazi hii alikuwa kijana wa duka wakati huo. Aliniambia kwamba msako ulipoanza, baba yake alifanya jambo moja kwanza: alilifunika gari lake turubai na kuanza kutembea kwa miguu. Mwalimu wangu huyo alikufa akiwa na maghorofa mawili, na hakuwahi kumiliki gari ambalo mtu angegeuka kulitazama. Duka la bosi wako likiwa la kurithi, muulize siku moja ametulia. Huenda jibu ni la zamani kuliko yeye.

Sitaficha upande wa pili. Wapo wanaoendesha magari chakavu ili afisa wa kodi akija awaone wanyonge, makadirio yawe madogo. Hao siwatetei hata kidogo. Kujinyima gari ni hiari ya mtu. Kodi ni ya wote.

Kweli matajiri wakubwa wa dunia wanaendesha magari ya kawaida, au ni hadithi za mitandaoni? (Msomaji, Goba)

Baadhi ni kweli. Sam Walton, mwanzilishi wa Walmart, aliendesha pikapu ya Ford F-150 ya mwaka 1979 akiwa miongoni mwa matajiri wakubwa kabisa wa Marekani. Leo imewekwa katika makumbusho ya kampuni yake mjini Bentonville. Ingvar Kamprad wa IKEA, aliyefariki mwaka 2018, alidumu na Volvo kuukuu kwa miaka mingi. Warren Buffett bado anaishi Omaha katika nyumba aliyoinunua mwaka 1958 kwa dola 31,500.

Lakini usiigeuze ikawa kanuni. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Jeff Bezos alikuwa bilionea akiendesha Honda Accord, na watu wakamsifu kwa hilo. Mtu huyohuyo leo anamiliki jahazi la kifahari lenye urefu wa mita 127. Matajiri wengi wananunua magari ya bei mbaya na wanayafurahia. Ninachokuomba ukumbuke ni kwamba gari halikuonyeshi fedha aliyonayo mtu. Linakuonyesha fedha iliyokwisha kumtoka, na pengine hata haikuwa yake.

Shangazi, mume wangu ni dalali wa viwanja. Anataka kukopa milioni 40 anunue Prado, anasema wateja hawamwamini akifika na kigari chetu cha IST. Nimemkatalia, tumenuniana. (Mama wa wawili, Kijitonyama)

Mwanangu, hapo mumeo ana hoja, na ningependa uanze kwa kumwambia hivyo. Mwenye maghala matatu anaweza kufika na gari lolote kwa sababu watu wanajua maghala yake. Dalali hana ghala la kuonyesha. Mgeni anayetaka kutoa milioni 80 anatafuta dalili yoyote ya kumtuliza moyo, na gari ndilo linalofika la kwanza. Tena barabara za Kibada na Goba ndani wakati wa masika zinalitesa gari la chini.

Sasa kaeni na daftari. Milioni 40 kwa miaka mitatu ni zaidi ya milioni 1.1 kila mwezi kabla ya riba. Bima kubwa huwa karibu asilimia 3.5 ya thamani ya gari, yaani kama milioni 1.4 kwa mwaka, wakati IST watu wengi huikatia bima ndogo. Mafuta: tuseme anatembea kilomita 1,000 kwa mwezi, lita ni shilingi 3,000. IST ikienda kilomita 12 kwa lita, ni 250,000. Gari kubwa likienda kilomita 6 kwenye foleni za mji huu, ni 500,000. Na tangu mwaka 2017 ile ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa ikahamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo mwenye kuchoma lita nyingi ndiye anayelipa zaidi. Spea sijagusa. Taa moja tu ya Prado wakikuibia usiku utanikumbuka.

Muulize: Prado hiyo italeta viwanja vingapi zaidi kwa mwezi? Akitaja idadi kwa kuangalia mauzo yake ya mwaka jana, msikilize. Akisema "vitakuja tu", baki na msimamo wako.

Zipo njia za katikati. Siku ya mteja mkubwa anaweza kukodi gari la juu kwa siku moja. Madalali wengi hufanya hivyo. Pia afike na hati safi, ramani ya upimaji, na namba ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mteja aliyewahi kuuziwa kiwanja cha mtu mwingine, na Dar tumejaa, anatazama karatasi kuliko matairi.

Jambo moja lisiwe la mjadala kati yenu: asikope kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa wanaoshikilia kadi ya gari. Nimeona nyumba mbili zikivunjika hivyo. Gari linachukuliwa alfajiri, watoto wanaangalia, na deni bado linabaki.

Je, kuendesha gari la kawaida si suala la usalama tu? (Msomaji, Mbezi Beach)

Kwa wachache, ndiyo. Oktoba 2018 mfanyabiashara Mohammed Dewji alitekwa asubuhi Oysterbay alipokwenda mazoezini, akapatikana baada ya siku tisa, na nakumbuka jinsi wateja wangu walivyobadili njia na saa za kutoka mwezi ule. Kwa walio wengi hofu ni ndogo zaidi: kuibiwa vioo vya pembeni na taa. Ndiyo maana magari ya Dar yamechorwa namba za usajili hadi kwenye vioo.

Viongozi wetu mbona wanapanda mashangingi, wao si matajiri? (Mzee, Gongo la Mboto)

Kaka yangu, shangingi lenye namba za serikali halisemi lolote kuhusu mfuko wa aliyeketi nyuma. Mafuta, dereva na matengenezo yake tunalipa mimi na wewe. Umri wetu tunakumbuka viongozi wa namna hiyo waliitwa wabenzi, kwa magari yao ya Benz, na manaizi, kwa kurithi vyeo vya wakoloni, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa kwenye kampuni au nyumba za kupangisha. Mengi ya masharti hayo yamekwenda. Binafsi nayakumbuka kwa huzuni.

Nina Passo. Kwenye vikao vya ukoo mashemeji wanaiita bebi woka, juzi wameniambia niegeshe nje ya geti nisiharibu picha za sendofu. Gari ni langu, sidaiwi, na mtoto anasoma kwa akiba yangu. Nimelia. (Dada, Ukonga)

Pole sana mdogo wangu. Kukuambia uegeshe nje kulikuwa ni kukudhalilisha, na mumeo alipaswa kulisema hilo palepale. Mwambie, kwa utulivu, mkiwa wawili.

Kuhusu gari, hujakosea popote. Injini isiyozidi cc 1,000 haitozwi ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wake; kuanzia hapo hadi cc 2,000 ni asilimia 5, na kuzidi hapo asilimia 10, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18. Umeandika kwamba gari ni lako, hudaiwi, na mtoto anasomeshwa kwa akiba yako. Katika msururu wa magari ulioingia getini, sijui wangapi wangeweza kuandika hivyo.

Shangazi, mimi ni mkubwa kwako kidogo. Nina miaka 66, nimestaafu, nyumba imekwisha, watoto wanajitegemea. Maisha yote nimeendesha magari ya mtumba yaliyochoka. Natamani Land Cruiser moja kabla sijafa. Nitakuwa mjinga? (Mstaafu, Kimara)

Shikamoo kaka. Milioni 60 ukiziweka kwenye hati fungani, yaani ukaikopesha serikali kwa riba, tuseme kwa asilimia 12, zingekupa wastani wa 600,000 kwa mwezi. Nimekuandikia hesabu hiyo kwa sababu ndiyo kazi yangu. Kama baada ya kuitoa fedha ya gari bado una akiba ya matibabu yako na ya mama watoto wako, na hukopi hata shilingi, basi nunua.

Nenda na fundi wako mwenyewe, si wa yadi. Mwambie atazame chini ya gari kama kuna kutu na aisikilize injini ikiwa baridi, asubuhi, kabla hawajaipasha moto. Kata bima kubwa. Siku ukilichukua, usipite kwanza kwa marafiki Kimara. Mpitie mama, mwende Bagamoyo taratibu, mle samaki, mrudi jioni.