"Badilisha na namba" au "badili kuwa namba"?

Swali: Natafsiri mwongozo wa Ansible, programu ya kusimamia seva nyingi kwa pamoja, kwa mafundi wa seva. Kwenye maelezo ya kichujio `int` (amri ndogo inayogeuza thamani iliyotangulia alama ya |), niandike "badilisha uzi na tarakimu" au "badili maandishi kuwa nambari"?

Jibu: Chukua ya pili. Ya kwanza itampoteza fundi, na kinachompoteza zaidi ni hiyo "na". Anayebadilisha mahindi na maharage huondoka bila mahindi. Basi fundi akisoma "badilisha '8080' na namba", ataifuta 8080 na kuweka namba nyingine. Kichujio hakifanyi hivyo: 8080 inabaki ileile, aina yake ndiyo inayogeuka, kama maji yanavyogeuka kuwa barafu. Hapo panataka "kuwa".

Tarakimu ni alama moja moja, 0 hadi 9. 8080 ina tarakimu nne, iwe ndani ya alama za mtajo au nje, kwa hiyo "badili kuwa tarakimu" haielezi lolote. Uzi ni wa kushonea. Waandishi wa programu husema stringi, na "maandishi" pia yanaeleweka. Namba na nambari zote sahihi, ila shika moja hadi mwisho wa mwongozo.

Penye utata hasa ni neno "namba" lenyewe. Namba ya simu tunaiita namba, lakini kwenye kiolezo, yaani faili ambamo Ansible hujaza thamani, lazima ibaki maandishi: `'0712' | int` hutoa 712, sifuri ya mbele imeshapotea. Ruhusa ya faili nayo ni hivyohivyo. Ukiandika 0644 bila alama za mtajo, YAML 1.1, lugha ambayo mafaili ya Ansible huandikwa, huihesabu kwa msingi wa nane badala ya kumi, na kiolezo kikachapa 420. Ningeandika "namba ya hesabu" pale inapotajwa mara ya kwanza, ili fundi ajiulize: hii naweza kuijumlisha na nyingine nikapata jibu lenye maana? Idadi ya nakala, ndiyo. Namba ya simu, hapana.

Sentensi yako basi iwe: "Kichujio `int` hubadili maandishi kuwa namba kamili ya hesabu, kikishindwa hutoa 0." Usiikate hiyo nusu ya pili. `'kumi' | int` hutoa 0 kimyakimya, bila ujumbe wa kosa, na fundi atahangaika kutafuta kwa nini poti (mlango wa mtandao wa seva) imekuwa 0. Kama anataka kushindwa kuonekane, aandike `int(-1)`, kisha aikague hiyo -1. Kuhusu `'3.7' | int`, andika "hukata desimali", si "hukadiria", maana jibu ni 3.

Mfano wa kuweka chini yake ni `when: nakala | int > 9`. Bila kichujio, '10' ikilinganishwa na '9' kama maandishi huonekana ndogo, kwa sababu hupangwa kikamusi na 1 hutangulia 9. Ikilinganishwa na 9 isiyo na alama za mtajo, kazi husimama kwa kosa la aina.