Kuchangia watoto wenye selimundu: anzeni kwa kufuta fulana

Mdogo wangu, umesema chuoni mmepanga fulana na matembezi kwa ajili ya watoto wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, na hela haitoshi. Mimi ningefuta fulana kwanza. Zinameza mchango kabla haujamfikia mgonjwa.

Nendeni kliniki muulize wanapungukiwa nini hasa: dawa ya haidroksiyurea, bima, au nauli ya mama anayetoka mbali. Mtu akijua hela yake inanunua nini, hutoa.

Michango isiingie kwenye simu ya mtu mmoja, hata awe mwenyekiti (hasa mwenyekiti!). Tafuteni lipa namba ya kikundi, na kila jioni jumla iwekwe kwenye grupu la WhatsApp.

Juni 19 ni Siku ya Selimundu Duniani. Waombeni watu wa Damu Salama waje chuoni; mwenye afya njema, kuanzia miaka 18 na kilo 50, anaweza kuchangia damu bila kutoa shilingi. Na bango lenu liseme hivi: wazazi wote wawili wakiwa na AS (wamebeba kinasaba cha selimundu bila kuugua), kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mgonjwa. Pimeni kabla ya ndoa.

Maandazi na juisi uzeni hapohapo kwenye foleni ya kuchangia damu.