Rangi siyo inayomaliza hela

Ukidhani kwenye kufufua pikipiki ya zamani rangi ndiyo inayomaliza hela, hapana: rangi hula kidogo tu, injini na kromu (ule mpako wa kung'aa juu ya chuma) ndizo zinazokumaliza. Ukifungua silinda, yaani tundu la injini ambamo pistoni hupanda na kushuka, ukakuta imelika, inabidi ichongwe na kuwekewa pistoni kubwa zaidi, mara nyingi kwa 0.25 au 0.50 mm, na ukishafika hapo nani atarudishia ringi za pistoni na gasketi (vile vizibo vya kuzuia uvujaji) kuukuu? Kromu nayo ina mlolongo: ile ya zamani inatolewa yote, chuma kinasuguliwa hadi king'ae, kinapakwa nikeli, ndipo kromu. Nimefufua mbili, na zote hesabu ilivurugika siku niliyofungua injini. Ila kama injini haijaganda na tangi halijaoza kwa ndani, unaweza kupona.