Baada ya "look forward to": "hear" au "hearing"?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni karani katika ofisi ya wakala wa usafirishaji hapa Mtwara mjini, na msimu wa korosho ukifunguliwa huwa ninaandika barua nyingi za Kiingereza kwa wanunuzi walioko India na Vietnam. Juzi bosi wangu alinirudishia barua akiwa amepiga mstari mwekundu chini ya sentensi ya mwisho, "I look forward to hear from you", na juu yake ameandika "hearing". Sikubishana naye, lakini sikuridhika, kwa kuwa tangu sekondari tulifundishwa kwamba baada ya "to" kitenzi hakiongezwi kitu. Nani kati yetu yuko sahihi?
Karani, Mtwara

JIBU: Ndugu Karani, bosi wako yuko sahihi, ingawa mwalimu wako naye hakukudanganya. Kiingereza kina "to" mbili zilizofanana sura na kutofautiana kazi. Ya kwanza hutangulia kitenzi, kama katika "I want to send the documents", na hapo kanuni ya sekondari inasimama. Ya pili ni kihusishi, ndugu yao "for" na "at", nayo hufuatwa na nomino, kwa hiyo kitenzi kikitaka kukaa hapo hakina budi kuvaa "-ing" kwanza ili kihesabiwe kuwa jina. Iliyomo katika "look forward to" ni hii ya pili.

Ukitaka kuhakikisha, ondoa kitenzi na uweke nomino mahali pake. "I look forward to your reply" ni sentensi kamili, lakini "I want to your reply" haisemeki. Kipimo hicho kitakufaa pia kwa "object to", "be used to" na "with a view to", ambazo nazo hutaka "-ing".

Nadhani kinachotukwaza sisi hasa ni "ku-" yetu, ambayo hufanya kazi zote mbili bila kubadili umbo: tunasema "nataka kusikia", na tunasema "kusikia kwake ni kwa shida", na hakuna anayejiuliza kama neno lile ni kitenzi au ni jina. Mtu aliyezoea hivyo akiiona "to" huiona "ku-", basi huandika "to hear" kwa moyo mweupe. Mimi mwenyewe niliandika hivyo kwa miaka kadhaa, na hakuna aliyenipigia mstari.

Kosa ninalokutana nalo mara nyingi zaidi ni "I look forward for your reply". Hiyo "for", kwa maoni yangu, imeazimwa kutoka "wait for", kwa sababu vichwani mwetu tunatafsiri "nasubiri".

Katika barua rasmi andika "I look forward", au "We look forward" ikiwa unaandika kwa niaba ya ofisi. "I am looking forward" ni ya watu waliozoeana. "Looking forward to hearing from you" peke yake, ikifuatiwa na nukta, haina kiima. Zamani kishazi hicho kiliegemea maneno "I remain" yaliyotangulia "Yours faithfully", na siku hizi watu wameondoa nguzo wakaacha paa.

Angalia pia kwamba maneno haya yana furaha ndani yake, kwani maana yake ni kungojea jambo kwa hamu. Yanafaa unapomtumia mnunuzi bei au sampuli. Lakini unapomweleza kwamba magunia yake yamenyeshewa yakiwa yanangoja meli, hamu hiyo itamkera, na ni heri umalizie kwa "Please let us know how you wish to proceed".