Barua kwa mwanangu: stika ya mlangoni na msalaba wangu

Mwanangu,

Meseji yako ya jana usiku nimeisoma mara tatu, ya nne nilikua kwa matatu naenda Gikomba mpaka nikapitishwa steji. Ulisema ile stika yenye picha ya mtumishi ulibandika juu ya mlango wako huko Roysambu, na chupa ya mafuta ya upako ulinunua elfu moja, mchumba wako anasema ni kuabudu sanamu, wewe unasema ni imani juu ulipata kazi wiki mbili baada ya kuibandika. Alafu ukamalizia na lile swali: kwani mama, ina tofauti gani na msalaba wako wa mbao hapo juu ya TV?

Sitazunguka. Huenda haina.

Soma Hesabu 21 alafu uende mpaka 2 Wafalme 18. Mungu mwenyewe ndio alimwambia Musa atengeneze nyoka wa shaba, watu walikua wanaumwa na nyoka jangwani, mwenye aliumwa akamwangalia huyo wa shaba akapona. Hio kitu haikutoka kwa mganga, ilitoka kwa Mungu na watu walipona kweli. Sasa wakaibeba, wakaitunza mamia ya miaka, hadi wakati wa mfalme Hezekia unakuta wanaifukizia uvumba. Hezekia alianza kutawala akiwa na miaka 25, umri wako huo, na akaivunja vipande vipande. Fikiria kuvunja kitu ya Musa! Ikaitwa Nehushtani, yaani ni shaba tu. Hapo ndio mimi husimama kila nikisoma, vile ilirudishiwa jina lake, shaba.

Sasa stika yako ni karatasi na gundi. Na mafuta ni mafuta. Siyakatai, Yakobo 5 anasema mgonjwa aite wazee wa kanisa wamwombee na wampake mafuta kwa jina la Bwana, na hapo hakuna mahali bei imetajwa, lakini hata elfu moja sio shida yangu, pesa ni yako umetoa jasho. Chenye kilinishtua ni maneno uliandika katikati, hata sijui kama uliyaona: "naogopa kuitoa, kazi isiende." Hio kazi uliomba mwezi wa tatu, ukafanya intavyu mbili, mimi hapa nikifunga na kukuombea, stika ilikuja ikapata mambo yako yameshaanza kuiva. Na hata kama ni muujiza mtupu, si Mungu ndio alikupa, kwani atakunyang'anya juu mvua imebandua karatasi?

Kuna mtu kwa Waamuzi 17 anaitwa Mika. Alikua na sanamu zake kwa nyumba, akaajiri Mlawi, mtu wa lile kabila lilitengwa kumtumikia Mungu, awe kuhani wake, akasema sasa najua Bwana atanitendea mema juu niko na huyu Mlawi. Ona vile anataja jina la Bwana kabisa, huyo hajioni kama mpagani. Sura inayofuata Wadani, kabila lingine la Israeli, wakapita, wakabeba sanamu zote, na kuhani wakamwambia twende uwe kuhani wa kabila nzima badala ya nyumba ya mtu mmoja, akafurahi akaenda nao. Mika akawafuata nyuma akilalamika mmechukua miungu yangu nilitengeneza, na kuhani wangu, nimebaki na nini? Hio nimebaki na nini huniumiza sana, juu nimewahi kuisema.

Kuhusu mtumishi mwenyewe nitasema kidogo. Mheshimu, akikufundisha Neno vizuri shukuru Mungu. Lakini picha yake isikae juu ya mlango wako kama mwenye nyumba. Sisi Wakenya tuliona Shakahola 2023, miili zaidi ya 400 ikifukuliwa kwa msitu kule Kilifi, na wengi wa wale walikua watu wa kusali, waliambiwa wafunge kula wakakutane na Yesu wakatii. Sisemi kanisa lako ni hivyo, nasema neno la mtu halifai kufika mahali huwezi kulipima.

Sasa nikwambie yangu, hii sijawahi kukueleza vizuri. Ile ploti ya Kamulu. Wewe ulikua kidato cha pili, nilikua nalipa elfu kumi na tano kila mwezi na biashara ilikua chini. Niliipenda hio ploti jamani. Jumapili mara nyingine nikiwaacha kanisani na baba yenu nachukua gari ya Kangundo Road naenda tu kuangalia mawe ya mpaka kama bado yako, nasimama hapo kwa jua nahisi nimefika. Na niliita baraka, nilitoa ushuhuda mbele ya kanisa. Mwaka huo shosho yako akanipigia simu macho yanamsumbua, kliniki wamesema ni presha ya macho anahitaji matibabu haraka, nikamwambia mama ngoja Desemba, nikimaliza ploti. Akangoja, hakulalamika hata siku moja. Jicho la kushoto halikurudi, hio presha ikishaharibu mshipa wa fahamu wa jicho hakuna kurudi nyuma.

Ploti haikua dhambi mwanangu, ardhi ni kitu nzuri. Lakini nilipima ploti na jicho la mama yangu nikachagua ploti. Paulo kwa Wakolosai 3 anasema tamaa ya mali ni ibada ya sanamu, nilikua nimeisoma hio mara nyingi tu na sikujiona ndani. Nilikua natafuta sanamu ya kuchongwa, yenye macho na miguu. Siku hizi mimi hujiuliza nimetoa sadaka wapi, nani ameumia ndio hii kitu ikae, na nitahisije ikiondoka.

Ndio nirudi kwa msalaba. Mwaka jana fundi akipaka rangi aliutoa akauweka chini ya meza. Jioni nikaingia nikaona ukuta mtupu, nikashtuka, nikahisi nyumba iko wazi, kama wezi ama ugonjwa wanaweza kuingia sasa. Sikumwambia mtu. Niliurudisha haraka hata rangi haijakauka, ile alama iko hapo mpaka leo. Kwa hivyo swali lako lilinipata mahali.

Jana usiku niliutoa. Uko kwa kabati, nimeufunga na leso. Nataka nisali wiki kadhaa nikiangalia ukuta, hio hofu ikiisha nitaurudisha, juu naupenda na hunikumbusha Yesu.

Wewe stika usitoe juu mimi nimesema, wala juu mchumba anakasirika. Isimamie uisome kwa sauti, karatasi, gundi, wino. Uombe. Ukiitoa iwe jioni ya Jumapili, alafu Jumatatu uamke uende kazi kama kawaida. Na kabla ya hapo mje wote wawili kwa lanchi, mlete hio chupa, kama ni mafuta ya mzeituni nitakaangia samaki.

Mama yako